Bara na Visiwa Vilivyo Karibu: Historia ya Kudhaa Ndani ya Kirai Kimoja

Mwanafunzi anayesoma mikataba iliyogawa pwani ya Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19 hukutana na maneno machache ya kawaida sana. Kwa Kiswahili twaweza kuyaandika hivi: bara na visiwa vilivyo karibu. Macho hupita juu yake upesi, yakitafuta majina makubwa: Zanzibar, Mombasa, Lamu, Kismayu. Hata hivyo, ndani ya maneno hayo waliishi watu. Walikuwamo wavuvi wa Kudhaa, mabaharia wa Koyama, na wenyeji wa Chovai, Chula na Ndoa, yaani Wabajuni wa visiwa vilivyojipanga kando ya pwani kusini mwa Kismayu. Majina yao hayakuandikwa, lakini hatima yao iliandikwa.

Katika somo hili tutakichunguza kirai hicho kwa macho mawili: jicho la sarufi na jicho la historia. Lengo ni kuona jinsi kirai nomino kimoja, kikiwekwa mahali fulani katika sentensi, kinavyoweza kuamua ni nani anayeonekana na ni nani asiyeonekana.

Sarufi ya kirai

Kila kirai nomino kina neno kuu. Katika "visiwa vilivyo karibu", neno kuu ni "visiwa". "Vilivyo karibu" ni maelezo yanayolifafanua. Katika Kiingereza cha mikataba kirai hiki ni maneno mawili tu, "adjacent islands". Kivumishi hutangulia, nomino hufuata, na sentensi huendelea na safari yake bila kumlazimisha mwandishi kusema visiwa hivyo viko karibu na nini.

Kiswahili hakimwachii mwandishi nafasi ya kujificha kirahisi hivyo. Tukisema "visiwa vilivyo karibu", sikio la msikilizaji hubaki likingoja: karibu na nini? Tukisema "visiwa vya jirani", swali ni: jirani wa nani? Tukichagua "bara na visiwa vyake", tumekwisha kutoa hukumu. Kiambishi "vy-" chapatana na visiwa, lakini mzizi "-ake" wamwelekea mwenye mali, naye hapa ni bara. Visiwa vimefanywa mali ya bara kwa silabi mbili.

Sasa tukigeuze kirai: "visiwa na bara lililo karibu". Maneno ni yaleyale, ila kitovu kimehama. Kwa mtu wa Kudhaa, usemi huu wa pili ndio unaofanana na maisha. Kisiwa kilikuwa mji. Bara lilikuwa mahali pa kuvuka kwenda kulima na kukata miti. Jirani yake alikuwa bara.

Visiwa kabla ya wino

Wabajuni, ambao pia huitwa Watikuu, ni watu wa pande zote mbili za mpaka wa leo. Wako Faza, Kiunga na Ndau upande wa Kenya, na wako katika visiwa vya upande wa Somalia hadi Kismayu. Lahaja yao ni tawi la Kiswahili cha kaskazini. Mwanafunzi wa Kiswahili sanifu ataitambua haraka kwa baadhi ya sauti zake: pale sisi tusemapo "tatu", Mbajuni husema "chachu". Bahari ndiyo iliyokuwa barabara yao. Miongoni mwa vyombo vilivyojulikana sana katika pwani hiyo ni mtepe, uliounganishwa kwa kushonwa kwa kamba za makumbi bila misumari ya chuma, ukasukumwa na tanga la mkeka.

Hivyo basi, kabla ya mikataba, uhusiano kati ya Kudhaa na Faza, au kati ya Chula na Lamu, ulikuwa wa undugu, ndoa, biashara na pepo za kusi na kaskazi. Hapakuwa na haja ya kuuliza kisiwa kipi kiko karibu na nini. Kila nahodha alijua.

Mwaka 1886: visiwa vinapimwa kwa duara

Uingereza na Ujerumani zilipobadilishana barua mwezi wa Oktoba na Novemba 1886, zilikubaliana kuhusu mipaka ya milki ya Sultani Barghash wa Zanzibar. Makubaliano hayo yalimtambua Sultani kuwa mwenye Unguja na Pemba pamoja na visiwa vidogo vilivyo ndani ya maili 12 za baharini kutoka visiwa hivyo viwili. Kisha vikatajwa Lamu na Mafia. Barani alipewa ukanda wenye upana wa maili 10 kutoka kusini hadi Kipini. Kaskazini mwa Kipini alibakiziwa vituo tu: Kismayu, Barawa, Marka na Mogadishu, kila kimoja na duara la maili 10, na Warsheikh kwa maili 5.

Tuangalie kwa makini sarufi ya makubaliano hayo. "Visiwa vidogo" vimetajwa, lakini ni vile vilivyo karibu na Unguja na Pemba, na ukaribu wenyewe umepimwa kwa hesabu. Lamu na Mafia vimepata heshima ya majina. Kudhaa hakina jina wala kipimo. Kiko kusini-magharibi mwa Kismayu, kwa masafa yanayozidi maili 10 mara kadhaa. Katika karatasi ya mwaka huo, kisiwa hicho kilikuwa nje ya kila duara. Watu walikuwa wakivua, wakilima na kuswali, ilhali sentensi haikuwa na mahali pa kuwaweka.

Mahali patupu katika mkataba hapakai patupu kwa muda mrefu. Mwezi wa Oktoba 1889 Ujerumani ilitangaza ulinzi wake juu ya pwani iliyo kati ya Witu na Kismayu. Tarehe 1 Julai 1890, katika mkataba ambao Ujerumani ilipata kisiwa cha Heligoland, iliachia Uingereza ulinzi wa Witu na wa pwani inayopakana nayo hadi Kismayu, pamoja na madai yake juu ya visiwa vya Pate na Manda. Pate na Manda vilikuwa vimegombewa, kwa hiyo vilitajwa. Visiwa vya Wabajuni vilivyo kaskazini zaidi havikuwa na mgogoro uliofika Ulaya, kwa hiyo vilisafiri kimya ndani ya neno "pwani". Katika muda wa miaka minne, Kudhaa kilikuwa kimepita katika hali tatu za karatasi, na hakuna hata moja iliyokiita kwa jina.

Mwaka 1895: kirai chapata kazi

Tarehe 14 Desemba 1895, Sultani Hamid bin Thuwaini na Sir Arthur Hardinge, mwakilishi wa Uingereza, walitia saini makubaliano kuhusu milki za Sultani zilizo nje ya Unguja na Pemba. Hapa ndipo kirai chetu kinapofanya kazi yake kubwa. Milki hizo zilielezwa kuwa ni za bara na visiwa vilivyo karibu, ukiondoa Unguja na Pemba. Uendeshaji wake ulikabidhiwa maofisa walioteuliwa na serikali ya Uingereza, huku Sultani akibaki na enzi ya jina na kulipwa fedha kila mwaka.

Kwa Lamu na Mombasa, maana ilikuwa wazi kiasi. Lakini kwa visiwa vya kaskazini, kirai kinaleta fumbo la kisarufi ambalo ni fumbo la kisiasa pia. "Vilivyo karibu" na bara lipi? Ikiwa ni bara la Sultani, basi kati ya Kipini na Kismayu makubaliano ya 1886 hayakuwa yamemwachia ukanda, bali vituo. Je, kisiwa kilicho mbali na kituo, lakini karibu na ufuko usiotambuliwa kuwa wa Sultani, ni "kilicho karibu"? Sentensi haijibu. Aliyejibu ni mtawala, kwa vitendo. Kismayu kikafanywa makao makuu ya mkoa wa Jubaland katika himaya ya Waingereza ya Afrika Mashariki, na visiwa vikaendeshwa kutoka huko.

Kuna jambo jingine la kisarufi ambalo msomaji wa kawaida huweza kuliruka. Katika makubaliano hayo, visiwa si kiima. Havitendi lolote. Ni sehemu ya maelezo ya milki, na milki yenyewe inatajwa ili uendeshaji wake ukabidhiwe kwa mwingine. Visiwa vimekaa ndani ya maelezo yaliyo ndani ya maelezo mengine, kama chombo kilichowekwa ndani ya sanduku lililofungiwa chumbani. Ukitaka kuvifikia, ni lazima ufungue sentensi mara tatu.

Miaka ya 1924 na 1925: mstari wapita katikati ya ukoo

Mwaka 1915, katika Mkataba wa siri wa London, Italia iliahidiwa fidia barani Afrika endapo Uingereza na Ufaransa zingejiongezea makoloni ya Ujerumani. Ahadi hiyo iliiva tarehe 15 Julai 1924, Uingereza ilipokubali kuipa Italia eneo la Jubaland. Makabidhiano yakafanyika tarehe 29 Juni 1925, na eneo hilo likaitwa Oltre Giuba, yaani ng'ambo ya mto Juba. Mwaka uliofuata liliunganishwa na Somalia ya Italia.

Jina hilo nalo ni kirai cha kuchunguza. "Ng'ambo" ni neno lisilo na maana mpaka tujue msemaji amesimama wapi. Aliyeita eneo hilo ng'ambo ya Juba alisimama Mogadishu akitazama kusini. Mtu wa Kudhaa, akisimama ufukoni kwake, ng'ambo yake ni mahali pengine kabisa.

Mpaka mpya ulianzia pwani mahali paitwapo Dar es Salaam, karibu na Ras Kiambone. Mwanafunzi asichanganye mahali hapo na jiji la Tanzania lenye jina hilohilo. Kuanzia hapo mstari ukaelekea bara. Kiunga na Faza zikabaki Kenya. Kudhaa, Chula, Chovai na Koyama vikaenda Italia. Hakuna bahari iliyokauka wala lugha iliyobadilika siku ile. Lakini binamu wawili waliokuwa wakitembeleana kwa mashua wakawa raia wa dola mbili tofauti, na kwa miaka iliyofuata hata tahajia ya makwao ikatofautiana: Kismayu ikaandikwa Chisimaio, Chula ikawa Ciula, Koyama ikawa Coiama.

Ni jambo la kuzingatia kwamba makubaliano ya mpaka ya mwaka 1927 yalitaja kwa jina visiwa vidogo mno vilivyo karibu na mstari wenyewe, vikiandikwa Diua Damasciaca. Visiwa hivyo vilitajwa kwa sababu mstari ulivihitaji. Visiwa vyenye miji, misikiti na makaburi ya mababu havikuhitajiwa na mstari. Hapa tunajifunza kanuni moja ya maandishi ya dola: jina huandikwa pale lilipo na faida kwa mwandishi, si pale lilipo na uzito kwa mwenyeji.

Baada ya uhuru: mkia wa sentensi

Tarehe 1 Julai 1960 Somalia ikawa jamhuri huru. Bendera ilibadilika, lakini mazoea ya sentensi hayakubadilika upesi. Baada ya serikali kuu kuanguka mwaka 1991, Wabajuni wengi waliikimbia vita wakaingia Kenya kwa mashua; baadhi yao waliishi katika kambi ya Jomvu, Mombasa, katika miaka ya 1990. Katika mkutano wa amani wa Arta, Djibouti, mwaka 2000, mgawanyo wa viti uliwekwa kwa utaratibu unaojulikana kama "nne na nusu": koo kubwa nne zapata sehemu sawa, na makundi mengine yote yaliyobaki yagawane nusu. Wabajuni wamo katika nusu hiyo. Kama vile "visiwa vilivyo karibu", "makundi mengine" ni kirai kinachotokea baada ya majina kwisha. Walio ndani yake wanajulikana kwa kuwa si wale waliotajwa.

Madhara ya kirai cha namna hii humfikia mtu mmojammoja. Mbajuni aliyeomba hifadhi Ulaya aliulizwa ataje visiwa vya jirani na kisiwa chake, aeleze kiko upande gani wa Kismayu, na azungumze lahaja yake mbele ya wachunguzi wa lugha ili ijulikane kama yeye ni wa Somalia au wa Kenya. Swali hilo lina kejeli ya historia ndani yake. Dola zilizopitisha mstari katikati ya lahaja moja bila kuuliza wasemaji wake, ndizo sasa zilizomtaka msemaji athibitishe, kwa sauti ya kinywa chake, amezaliwa upande gani wa mstari huo.

Mwishoni mwa mwaka 2014 jina la Kudhaa lilionekana katika habari za kimataifa, wakati vikosi vya Jubaland na al-Shabaab vilipokipigania kisiwa hicho. Hatimaye kilikuwa kimetajwa, lakini kama uwanja wa vita. Na tarehe 12 Oktoba 2021, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipotoa hukumu kuhusu mpaka wa bahari kati ya Somalia na Kenya, iliamua kuanza vipimo vyake kwenye pwani ya bara, bila kuvitumia visiwa vidogo mno vilivyo karibu na Ras Kiambone. Mahakama ilikuwa na sababu zake za kisheria, kwani mwamba mdogo usio na watu unaweza kuupinda mstari mrefu kupita kiasi. Kwa msomaji wa historia, hata hivyo, ni mara nyingine tena bara kuwa kipimo, na visiwa kuwa nyongeza.

Namna nyingine ya kuandika

Mtu asidhani kwamba sheria haziwezi kuandikwa vinginevyo. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 inapoeleza eneo lake, huanza na Unguja na Pemba, kisha huvijumuisha visiwa vidogo vinavyovizunguka, na bahari yake. Visiwa vidogo bado havikutajwa kimoja kimoja, lakini vinazunguka visiwa vingine. Bara si kipimo chao. Nayo Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inataja Tanzania Bara na Tanzania Zanzibar. Linganisha na usemi wa mitaani wa "Bara na Visiwani". Katika "Visiwani" jina limetoweka, imebaki aina ya ardhi tu. Anayeuona usemi huo kuwa mdogo kuliko jina anasikia tofauti iliyo ya kweli.

Wahenga walisema: asiyekuwapo na lake halipo. Wabajuni wa Kudhaa hawakuwapo London wala Berlin, na hawakuwapo mkono wa Sultani ulipotia saini. Lao halikuwapo kwa jina, ingawa lilikuwapo kwa amri. Ndiyo maana raia hana budi kusoma sheria, mikataba na matangazo ya serikali kama mwanasarufi. Tunapokutana na kirai cha jumla kama "maeneo ya jirani", "jamii nyingine" au "wananchi husika", tuulize maswali matatu. Neno kuu ni lipi, na linasimama badala ya nani? Maelezo yake yanapima kutoka wapi? Na je, kirai hicho kimekaa kwenye kiima, mahali pa mtendaji, au kimejificha mkiani mwa sentensi ambamo wengine ndio watendao?

Tukimaliza kuuliza, tuandike upya. "Wavuvi wa Kudhaa walivuka bara kulima, wakarudi kisiwani kwao." Hiyo ni sentensi fupi yenye kiima, kitenzi na jina. Haihitaji duara la maili 10 wala mwakilishi wa dola yoyote. Imetosheka kuwaweka watu mwanzoni, mahali ambapo sarufi ya Kiswahili humweka atendaye.

Maswali ya mazoezi

1. Bainisha neno kuu na maelezo yake katika virai hivi: (a) visiwa vidogo vilivyo karibu, (b) bara na visiwa vyake, (c) pwani inayopakana na Witu.
2. Eleza tofauti ya maana kati ya "bara na visiwa vilivyo karibu" na "visiwa na bara lililo karibu". Nani ananufaika na kila usemi?
3. Tafuta tangazo moja la serikali katika eneo unaloishi lenye kirai cha jumla kinachowahusu watu wasiotajwa kwa jina. Liandike upya ukiwataja.
4. Andika aya moja ambamo jina la kijiji, mtaa au kisiwa chenu ni kiima cha kila sentensi.